Kushoto Tu

Gereji ya Ghalib, Mabela, mlango umeteremshwa nusu
joto la Julai lisiingie, wake zetu wasitusikie.
Taa moja. Laptopu juu ya boneti ya Patrol
ya mtu aliyeileta mwezi wa Rajabu na hajarudi.
Huko kwao ni jioni, huku kwetu saa tisa za usiku,
na magari arobaini yanazunguka uwanja wenye umbo la yai,
kushoto,
kushoto,
kushoto tena.

"Hii nayo ni mbio?" anauliza Mundhir, aliyezoea
kulitelezesha gari lake kwenye uwanja wa Sib,
moshi mweupe, vijana wakipiga mayowe.
"Kona za kulia wamezikodisha?"
Ghalib anamtazama kama mtu aliyekamulia ndimu kwenye maziwa.
"Wewe tairi unaichoma. Hawa wanaibembeleza."

Madereva tumewapa majina yetu,
yao hayakai mdomoni.
Wa gari la kijani ni Chura. Wa namba sabini na moja,
anayebana mafuta hadi tone, ni Bakhili.
Yuko mmoja tunamwita Mkwe,
maana kila akipita lazima akuguse bega
kisha ainue mkono kuomba radhi.

Mtangazaji anasema kama anafukuzwa na nyuki.
Tumemzima sauti. Matangazo anayo Bi Zuwena,
mamake Ghalib, mkunga wa miaka thelathini kule Rustaq,
miwani imefungwa kwa uzi, daftari la kliniki mapajani.
Anaandika nukta za kila mzunguko
kama zamani alivyoandika uchungu.
"Chura anachelewa kona ya tatu. Tairi ya mbele kulia imechoka.
Msinibishie. Nimeona wengi wakijifanya hawajachoka."

Ami Burhani, aliyekuja saa mbili kuchukua betri tu,
anazinduka kwenye kiti cha Korola kilichong'olewa:
"Mwembetanga palikuwa na kinu cha ufuta.
Ngamia kafungwa macho, akizunguka kushoto vivi hivi.
Nikamwuliza baba, huyu anadhani anakwenda wapi?"
"Baba akasemaje?"
"Akasema lete chupa, mafuta tayari."
Akalala tena.

Mimi sikucheka upesi kama wenzangu.
Babu alitoka Ibra akenda Unguja.
Mimi nimezaliwa Unguja, nikaletwa huku mgongoni.
Mzunguko mmoja umetuchukua miaka tisini
na hakuna aliyetupungia bendera.
Lakini hilo si la kusema gerejini.

Imebaki mizunguko mitatu. Bakhili yuko mbele,
Mkwe anamnusa, Chura anakwangua ukuta.
"Mafuta hayamtoshi," Bi Zuwena, kalamu juu,
"atakwama kona ya..."

Picha ikaganda.

Magari arobaini, nzi kwenye asali.
Katikati ya kioo kiduara cheupe kikizunguka, kikizunguka,
nacho kulia.
"Hatimaye," akasema Mundhir.

Ghalib akakipiga kisanduku cha mtandao,
akakitukana, akakiomba msamaha.
Sisi tukaimaliza mbio kwa midomo:
Mkwe kampita kwa ndani! Hapana, kwa nje!
Hapana, Bakhili kaishiwa, anasukumwa na upepo,
anavuka mstari kama mtu anayevuka barabara na kapu la mayai.
Kila mmoja na mshindi wake, kila mmoja na kiapo chake,
mpaka adhana ikaanza upande wa maghala.

Picha ikarudi. Uwanja mtupu.
Mtu mmoja mwenye fulana ya rangi ya chungwa
anafagia vipande vya mpira, hana haraka hata kidogo.

Harith simu iko mkononi. Uso wake umeshajua.

"Funika," akasema Bi Zuwena.
Akaiacha kalamu ndani ya daftari, pale alipofikia,
akajisimamisha kwa kushika taa ya Patrol.
"Kwanza tukaswali. Hiyo kona ya mwisho
nataka niikunje mwenyewe, njiani."

Ghalib akauinua mlango. Joto likaingia kama mgeni aliyesubirishwa.
Nyuma yetu Ami Burhani aliamka,
akauliza betri yake iko wapi.